Kionjo Kisichotoka Chunguni

Kila mpishi anajua maana ya kuonja. Anayetaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi huchota kidogo katika chungu kile kile kilichoko mekoni, akadondosha kiganjani, akalamba. Hakuna mpishi anayeonja mchuzi wa jirani ili ajue ladha ya mchuzi wake. Na kama mama ntilie angemwonjesha mteja mchuzi wa kuku kisha akampakulia maharage, mteja huyo asingehitaji wakili wala hakimu wa kumweleza kwamba amedanganywa. Angelalamika pale pale, na wote waliokaa bencini wangemwunga mkono.

Jambo hili lililo wazi mno mbele ya chungu limekuwa gumu mbele ya kioo cha televisheni na cha simu. Leo, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya michezo ya video, ile ambayo vijana wetu huiita gemu, na hasa juu ya zile filamu fupi zinazotolewa ili kuutangaza mchezo kabla haujauzwa. Siku hizi filamu hizo huitwa vionjo. Jina hilo ni zuri, kwa kuwa lina ahadi ndani yake: kwamba kinachoonjwa ndicho kitakacholiwa.

Yamkini yuko mzazi atakayesema kwamba haya ni mambo ya watoto, na kwamba watu wazima wana shughuli zao. Namwomba asubiri kidogo. Mchezo mkubwa mpya wa kompyuta au wa mtambo kama PlayStation huuzwa kwa dola 60 au 70 za Marekani. Kwa mfanyakazi wa mjini hapa kwetu, fedha hizo ni kodi ya chumba ya mwezi, na pengine zaidi. Kijana anayeutamani mchezo huo huweka akiba miezi kadhaa, akajinyima soda na nauli, au humwomba mjomba aliyeko ng'ambo amletee. Anachoamini katika miezi hiyo yote ni kile kionjo alichokiona. Kama kionjo kimesema uongo, hasara haiishii mfukoni. Kijana huyo atakuwa amefundishwa, akiwa bado mdogo, kwamba neno la mtu mzima mwenye biashara si la kuaminiwa. Au vibaya zaidi, kwamba kudanganya ndiyo njia ya kuuza.

SANDUKU LENYE PICHA NZURI

Desturi ya kupamba michezo kuliko ilivyo si ya leo. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mtambo wake maarufu wa kuchezea nyumbani. Mtambo ule ulikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu, yaani nafasi isiyotosha kuhifadhi hata sentensi mbili ndefu za makala haya. Kwa uwezo mdogo kiasi hicho, kifaru cha vita kwenye kioo kilikuwa vipande vichache vya mraba vilivyopangwa pamoja, na ndege ilikuwa umbo ambalo mchezaji alilazimika kuambiwa kwamba ni ndege.

Lakini sanduku la mchezo lilikuwa jambo jingine. Atari iliajiri wachoraji hodari, mmoja wao Cliff Spohn, aliyechora sanduku la mchezo uitwao Combat. Humo mnunuzi aliona vifaru vikitimua vumbi na ndege zikipasua mawingu. Akifika nyumbani, alikuta vipande vya mraba vikikimbizana.

Je, ule ulikuwa udanganyifu? Kwa maoni yangu haukuwa, au ulikuwa mdogo sana. Mchoro wa rangi haujidai kuwa kitu chenyewe. Mtu anayeona picha ya simba kwenye kiberiti hategemei kusikia ngurumo akikifungua. Mnunuzi wa siku zile alijua kwamba mchoro ni mwaliko wa kuwaza, na kwamba mchezo wenyewe uko ndani. Sanduku na kioo vilikuwa vitu viwili vya jinsi mbili, na jicho lolote liliweza kuvitofautisha.

Tatizo lilianza pale picha ya tangazo na picha ya mchezo zilipofanana jinsi, hata jicho likashindwa kujua ipi ni ipi. Na ili tuelewe jambo hilo hatuna budi kuingia karakana kidogo.

KARAKANA MBILI

Picha inayotembea kwenye kioo ni mfululizo wa picha zisizotembea, zinazopita upesi mno. Mchezo wa video kwa kawaida huhitaji picha 30 au 60 kila sekunde. Kwa kuwa mchezaji ndiye anayeamua kugeuka kulia au kushoto, mtambo hauwezi kuzitayarisha picha hizo mapema. Kila moja huchorwa wakati ule ule, kwa muda usiozidi sehemu moja ya thelathini au ya sitini ya sekunde. Katika muda huo mfupi kuliko kufumba jicho, mtambo huhesabu mwanga, kivuli, moshi, mwendo wa watu na mlio wa nyayo. Ukichelewa, mchezo unakwama.

Filamu iliyochorwa kwa kompyuta kabla ya kuonyeshwa haina haraka hiyo. Picha moja inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, ikachorwa na kompyuta nyingi zilizounganishwa, ikasahihishwa na mafundi, kisha ikaunganishwa na nyingine. Mtazamaji huiona kwa nukta moja ya sekunde, lakini kazi yake ilikuwa ya siku. Haishangazi basi kwamba filamu ya namna hii hupendeza kuliko mchezo wowote. Karakana ya kwanza inapika chakula mbele ya mteja mwenye njaa. Ya pili inapika kwa juma zima kwa ajili ya sahani moja ya kupigwa picha.

Iko pia njia ya tatu, ya hila zaidi. Mafundi hutengeneza kipande kimoja cha mchezo, cha dakika chache, wakakinakshi kuliko sehemu zote nyingine, kisha wakakiendesha juu ya kompyuta yenye nguvu nyingi kuliko mtambo alio nao mnunuzi nyumbani. Kipande hicho ni mchezo kweli. Yuko mtu anayekicheza jukwaani, na watu wanamwona. Lakini mchezo wote uliobaki haujajengwa bado, na pengine hautajengwa kwa ustadi ule kamwe. Ni kama fundi anayemwonyesha mteja mlango mmoja wa mninga uliochongwa vizuri, akamwambia, "Nyumba yako yote itakuwa hivi," hali msingi haujachimbwa.

MIFANO ILIYO WAZI

Mwezi Mei 2005, katika maonyesho makubwa ya michezo yaitwayo E3 mjini Los Angeles, kampuni ya Sony ilionyesha kionjo cha mchezo wa vita uitwao Killzone 2, wa mtambo wake wa PlayStation 3 ambao ulikuwa haujatoka. Watazamaji waliduwaa. Askari walishuka kutoka angani, moto ukalipuka, nyuso zikaonekana kama za watu hai. Wengi waliondoka wakiamini kwamba wameona mchezo. Baadaye ikafahamika kwamba ilikuwa filamu iliyochorwa kabla. Mchezo wenyewe ulitoka Februari 2009, karibu miaka 4 baadaye, na kwa haki yao mafundi wake wa Amsterdam walijitahidi hata wakasifiwa kwa kuikaribia ile filamu. Lakini zingatia, msomaji, mzigo waliotwikwa: walitakiwa kukifikia kitu ambacho kilitolewa kama vile kimekwisha kuwapo.

Mfano wa pili ni wa Februari 2011. Kionjo cha mchezo uitwao Dead Island, uliotengenezwa na kampuni ya Techland ya Poland, kilionyesha baba, mama na binti yao mdogo katika hoteli ya kisiwani, wakivamiwa na maiti zinazotembea. Picha zilikwenda kinyumenyume, toka mwisho hadi mwanzo, pamoja na muziki wa majonzi. Watu walilia. Filamu ile ikapata tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye mashindano ya matangazo ya Cannes, nchini Ufaransa. Mchezo ulipotoka Septemba mwaka ule ule, wanunuzi walikuta kazi ya kupiga maiti kwa makasia na marungu na kuokota vitu vya kuundia silaha. Ulikuwa mchezo wa kufurahisha kwa wapendao mambo hayo. Lakini majonzi ya mzazi na mtoto yaliyowafanya watu watoe fedha hayakuwa ndiyo masimulizi yake. Hapa hakuna picha iliyosema uongo juu ya ubora wa rangi. Kilichobadilishwa ni moyo wa kitu.

Mfano wa tatu ni Watch Dogs, wa kampuni ya Ubisoft, mchezo unaotukia mjini Chicago. Ulionyeshwa Juni 2012, ukatoka Mei 2014. Wachezaji waliolinganisha picha za kwanza na za mwisho waliona mvua, mwanga na vivuli vimepungua. Mwezi uliofuata, fundi mmoja mchezaji aligundua kwamba baadhi ya mapambo yale ya mwaka 2012 yalikuwa yamo bado ndani ya programu ya kompyuta, yamefichwa, na akayawasha. Kampuni ilieleza kwamba yalizimwa kwa kuwa yangeweza kuharibu uchezaji. Maelezo hayo huenda yakawa ya kweli kabisa. Swali la mnunuzi linabaki pale pale: kama yalijulikana kuwa hayafai kuuzwa, kwa nini hakuambiwa hivyo kabla ya kulipa?

Namna hii ya kuuza ndiyo watu wetu huiita kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

SHERIA ILIPOULIZWA

Nchini Uingereza kuna Mamlaka ya Viwango vya Matangazo, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuipelekea malalamiko juu ya tangazo analoona limempotosha. Mashauri matatu yaliyofika huko yanatufunza mengi.

La kwanza ni la mchezo uitwao Aliens: Colonial Marines, uliotolewa na kampuni ya Sega Februari 2013, ukifuata habari za filamu mashuhuri ya mwaka 1986. Vionjo vilikuwa na giza la kutisha, moshi, na viumbe wa ajabu wenye akili wanaonyemelea. Mchezo ulionunuliwa ulikuwa na picha hafifu, na viumbe wale walikimbia ovyo, wengine wakimpita mchezaji kama vile hawamwoni. Mamlaka ilipoulizwa, tawi la Ulaya la Sega lilikubali mwezi Aprili 2013 kwamba vionjo havikulingana sawasawa na mchezo uliouzwa, na kwamba litaweka maelezo ya kuwatahadharisha watazamaji. Huko California nako wanunuzi walifungua kesi mwaka huo huo. Kuna kichekesho kichungu kilichokuja kujulikana wazi mwaka 2018: sehemu ya upumbavu wa viumbe wale ilitokana na neno moja katika faili la maagizo ya mchezo, lililoandikwa na herufi moja ya ziada. Mchezaji aliyeifuta herufi hiyo aliona viumbe wakipata akili. Fedha zilikuwapo za kupamba tangazo. Macho ya kusahihisha herufi moja hayakupatikana.

Shauri la pili ni la No Man's Sky, mchezo wa kampuni ndogo ya Hello Games ya mji wa Guildford. Ulitangazwa Desemba 2013, ukauzwa Agosti 2016. Uliahidi ulimwengu wenye sayari nyingi kupita hesabu ya kawaida, bilioni 18 mara bilioni moja, zote zikiundwa kwa kanuni za hesabu ndani ya programu. Sayari zilikuwapo kweli. Lakini katika vionjo na mahojiano, watu walipata picha ya wanyama wakubwa wanaoangusha miti, vita vya merikebu nyingi angani, na uwezekano wa kukutana na mchezaji mwenzako. Siku ile ile mchezo ulipotoka, wachezaji wawili walifika mahali pamoja kwenye sayari moja, wakasimama pale pale, na hakuna aliyemwona mwenziwe.

Malalamiko yalifika kwa Mamlaka. Hukumu ikatoka mwishoni mwa Novemba 2016, na ikawashangaza wengi: tangazo la dukani halikuwa la kupotosha. Mamlaka ilisema kwamba kwa kuwa kila ulimwengu wa mchezaji hutofautiana, mnunuzi angeelewa kwamba picha ni mifano tu ya yale yanayoweza kutokea.

Hapo ndipo panapotufundisha mpaka wa sheria. Sheria hulitazama tangazo lililoko mbele yake, neno kwa neno na picha kwa picha. Haitazami miaka 3 ya tabasamu, ya kuitikia kwa kichwa, na ya majibu yasiyosema ndiyo wala hapana. Na nasi wanunuzi, tuseme kweli, tuna mchango wetu. Akipenda, chongo huita kengeza. Mtu aliyekipenda kitu kabla hajakiona hujaza mwenyewe mapengo yote, na muuzaji mwerevu humwachia mapengo mengi ya kujaza.

Lakini yako mambo mawili yanayomtofautisha mwenye kuota ndoto na tapeli, nayo huonekana baada ya mauzo. Hello Games walikaa kimya kwa muda, wakarudi kazini. Mwezi Julai 2018 walitoa nyongeza iliyowawezesha wachezaji kuonana na kucheza pamoja, na nyongeza kubwa zimefuata mwaka hadi mwaka, bila kuwatoza fedha waliokwisha kununua. Deni lilikuwa deni, na lililipwa, ingawa kwa kuchelewa.

Linganisha na mchezo uitwao The Day Before. Ulitangazwa Januari 2021 kwa vionjo vya mji mkubwa ulioharibiwa, ambamo maelfu ya wachezaji wangeishi na kupambana pamoja. Katika duka la Steam ulikuwa miongoni mwa michezo iliyotamaniwa kuliko yote. Ukauzwa tarehe 7 Desemba 2023 kwa dola 40. Wanunuzi hawakukuta ule mji wa maisha ya pamoja walioahidiwa. Tarehe 11 Desemba, siku 4 tu baadaye, kampuni ya Fntastic iliyoutengeneza ilitangaza kwamba inafunga milango yake. Wanunuzi walirudishiwa fedha, na Januari 2024 mitambo ya mchezo ikazimwa. Wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi.

MZIGO WA MFANYAKAZI

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao husahauliwa, nao unawahusu wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja, maana wengi wetu tunaishi kwa jasho la kazi. Ahadi inayotolewa jukwaani na wakubwa hulipwa karakanani na wadogo.

Mchezo wa Cyberpunk 2077, wa kampuni ya CD Projekt ya Warsaw, ulikuwa na vionjo tangu Januari 2013. Tarehe yake iliahirishwa mara tatu katika mwaka 2020. Septemba mwaka huo wafanyakazi waliagizwa kufanya kazi siku 6 kwa juma ili umalizike. Watu milioni 8 walikuwa wamekwisha kuuagiza kabla ya kutoka. Waandishi waliopewa mchezo mapema ili wautolee maoni walipewa wa kompyuta tu, si wa mitambo ya zamani ya PlayStation 4 na Xbox One, na kabla ya siku ya mauzo hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizozichukua wenyewe; walitakiwa kutumia zilizotolewa na kampuni.

Ulipouzwa tarehe 10 Desemba 2020, wenye mitambo ya zamani walikuta mchezo unaokwama, wenye watu wasio na nyuso na magari yanayoota barabarani kama uyoga. Juma moja baadaye Sony iliuondoa katika duka lake na kuwarudishia watu fedha. Ulirudi Juni 2021. Kampuni iliomba radhi, ikaendelea kuurekebisha kwa miaka. Lakini nani aliyeteseka? Mnunuzi aliyelipa, na fundi aliyekesha akijua fika kwamba kazi haijaiva, huku kionjo kikitangaza kwamba imeiva. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na gharama ya kukitembeza kibaya haimwangukii aliyeamua kitembezwe.

MPAKA MIKONONI MWETU

Shauri la tatu la Mamlaka ile ya Uingereza ndilo linalotugusa zaidi hapa Afrika Mashariki, kwa sababu halihusu mitambo ya bei kubwa. Linahusu simu ya mkononi.

Nani hajaona tangazo hili? Mtu yuko hatarini, maji ya moto yako juu yake, na kuna vipini kadhaa vya kuvuta. Mkono usioonekana unavuta kipini kisicho sahihi, mtu anaungua, nawe unajisemea moyoni, "Hata mimi ningeweza." Unapakua mchezo. Ukiufungua unakuta kazi ya kupanga vitu vitatu vya rangi moja, mstari kwa mstari. Septemba 2020 Mamlaka ilipiga marufuku matangazo mawili ya namna hiyo ya kampuni ya Playrix, ya michezo iitwayo Homescapes na Gardenscapes. Kampuni ilijitetea kwamba mafumbo ya vipini yamo ndani ya michezo hiyo. Yalikuwamo, ila kwa uchache mno, na mchezaji alipaswa kupita hatua nyingi za kupanga vitu ndipo ayakute. Tangazo lilikuwa na maandishi yaliyosema kwamba si picha zote zinazoonyesha mchezo halisi. Mamlaka ilisema maandishi hayo hayatoshi kuondoa upotofu.

Neno hilo tulikumbuke. Maandishi madogo hayaufanyi uongo mkubwa kuwa kweli.

Michezo hiyo hupakuliwa bure, na kwa hiyo wengi husema hakuna aliyeibiwa. Lakini bando la kupakulia limelipiwa, na muda wa mtoto umekwenda. Ndani ya mchezo kuna vibonyezo vya kununulia dhahabu na uhai wa ziada, na simu iliyounganishwa na fedha za mzazi haiulizi umri wa kidole. Bure ya namna hiyo ina bei. Ila haikubandikwa mlangoni.

Sheria hapa kwetu hazikulala kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini muuzaji wa mchezo wa simu anaweza kuwa ng'ambo ya bahari mbili, na kumfuata kwa ajili ya bando la shilingi elfu moja ni kumfukuza nzi kwa gari moshi. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza utabaki nyumbani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusilipe kabla ya kitu kuwapo. Mchezo wa programu hauishi dukani kama sukari wakati wa uhaba. Nakala yake ya milioni 10 hupatikana sawasawa na ya kwanza. Anayekuhimiza ulipe mapema anataka fedha zako zitangulie mbele ya macho yako.

Pili, tutafute kumwona mtu asiye muuzaji akiucheza, juu ya mtambo kama ule tulio nao sisi. Siku hizi, saa chache baada ya mchezo kutoka, wachezaji wa kawaida huonyesha uchezaji wao kwenye intaneti, pamoja na makosa yake yote. Juma moja la subira lina thamani kuliko kionjo cha miaka 3.

Tatu, tujue haki ya kurudishiwa. Duka la Steam, tangu Juni 2015, hurudisha fedha kwa mnunuzi anayeomba katika siku 14 baada ya kununua, mradi hajacheza kwa saa 2. Maduka mengine yana masharti magumu zaidi. Masharti yasomwe kabla ya kulipa.

Nne, na hili ndilo kubwa, tukae na watoto wetu tukitazame kionjo pamoja, na tuwafundishe maswali machache. Je, picha hizi zinaonyesha jinsi mchezaji anavyoona, au ni za mtu anayetazama kutoka juu kama katika sinema? Je, yuko mtu anayecheza, au hakuna mkono wowote? Kuna maandishi madogo chini, nayo yanasemaje? Tarehe imetajwa? Mtambo umetajwa? Tusimcheke mtoto anapovutiwa. Kionjo kimetengenezwa na watu hodari ili kivutie, na mtu mzima naye huvutiwa na tangazo la sabuni, la kiwanja, na la mkopo usio na masharti.

Mtoto aliyezoea kuuliza maswali hayo mbele ya gemu atayauliza ukubwani mbele ya dalali wa viwanja, mbele ya mwenye kampuni ya upatu, na mbele ya mtu anayemwahidi kazi nzuri ughaibuni kwa kumwonyesha picha ya ghorofa. Katika hayo yote kinachoonyeshwa ni kionjo, na aliye na haki ya kutaka kuonja kutoka chungu chenyewe ni yule anayelipa.